Kizingiti cha Kushoto

Muuguzi alimaliza kufunga bandeji, akamwambia Mwatima yale yale aliyomwambia Jumatatu: mguu usining'inie, usigongwe, usiingie vumbi. Mwatima aliitikia kwa kichwa. Maneno hayo aliyasema mwenyewe kwa miaka thelathini na moja, akiwa upande wa pili wa meza, na alijua jinsi yanavyosemwa na mtu anayemwona mgonjwa wake akitoka kwenda kupanda bodaboda.

Walipanda watatu: dereva mbele, Mwatima katikati, mumewe Ndalahwa nyuma. Mguu wa kushoto, uliokwisha kukatwa vidole viwili kwa sababu ya sukari, ulipitishwa kwenye kitanzi cha khanga, na Ndalahwa akakishikilia kitanzi kwa mkono mmoja ili mguu usishuke. Kwa mkono wa pili alimshika mkewe kiunoni.

"Mzee, mshikaki huo mbona haujaiva!" kijana mmoja alipiga kelele kijiweni. Wenzake wakacheka.

Ndalahwa hakugeuka. Alikuwa na miaka sabini na hakuwa na desturi ya kujibizana na watu barabarani.

"Siku kumi na moja," alimwambia mkewe sikioni. "Siku kumi na moja tu, utakaa kiti cha nyuma, mguu juu ya mto, kama mke wa DC."

Lori la pamba lilikuwa linapita, na vumbi lilimpa Mwatima sababu ya kufunga mdomo.

Gari lenyewe lilikuwa Volkswagen ndogo ya mwaka 1972, iliyokuwa nyeupe, na watoto wa mtaa waliliita Kobe. Lilikaa juu ya matofali kwenye kibanda cha bati kando ya nyumba kwa miaka kumi na minne, tangu Ndalahwa alipostaafu kwenye kinu cha kuchambua pamba. Kuku walitagia ndani yake. Majirani walikwisha kumshauri alikate kwa kilo auze chuma chakavu, naye akawasikiliza kwa adabu na hakulikata.

Uamuzi wa kulifufua haukuwa wa kichaa. Daktari bingwa wa mishipa ya damu alitarajiwa Mwanza Jumatatu tarehe kumi na tisa. Mishipa ikifunguliwa mapema mguu ungepona, na baada ya hapo ingebidi kwenda Mwanza mara moja kila wiki kwa wiki sita. Gari la kukodi lilikuwa laki tatu na nusu kwa safari moja. Kwenye basi mguu ungening'inia. Ndalahwa aliandika hesabu kwenye daftari: injini ilikwisha kukubali kuwaka, matairi manne ya mtumba, betri, bati, gesi, rangi, jumla laki sita na elfu themanini. Alimsomea mkewe hesabu ile mara mbili, na Mwatima hakuona kosa ndani yake. Joyness, binti yao, mwalimu huko Kigoma, alituma laki mbili akasema ndizo za mwisho mpaka Desemba.

Kilichobaki kilikuwa kutu.

Ndalahwa aliishughulikia kama alivyokuwa akishughulikia pamba kazini. Miaka ile alikuwa mtu wa madaraja: mkulima analeta gunia, yeye anaingiza mkono na kusema hii safi, hii fifi, na hakuna aliyebishana naye. Sasa alilala chali chini ya gari kuanzia asubuhi, brashi ya waya mkononi, akigonga kila mahali kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Palipolia vizuri alipasugua kwa msasa akapapaka rangi ya kuzuia kutu. Palipolia vibaya alipatia alama ya chaki.

Jioni ile, baada ya kurudi kliniki, alimwita Mwatima, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka kibarazani, mguu juu ya kigoda.

"Mama Joy, hebu niambie. Kizingiti cha kulia hakina hata tundu. Cha kushoto kimeoza chote. Kwa nini?"

Kizingiti ni boriti ya chuma, wazi ndani, inayopita chini ya mlango. Waliolibuni gari lile waliifanya iwe mfereji wa kupitisha joto kutoka kwenye injini iliyo nyuma mpaka miguuni mwa abiria, ambako kuna tundu la kuingiza ngumi ya mtoto. Bariadi hakuna aliyewahi kulihitaji joto hilo.

"Limezeeka," alisema Mwatima.

"Pande zote zina umri mmoja." Ndalahwa alijitoa chini ya gari akakaa, uso umejaa unga mwekundu. "Kutu haiji bure. Ina mlango wa kuingilia. Hiki kimeliwa kutoka ndani kwenda nje, si kutoka nje kwenda ndani. Kuna kitu kilishika maji humo miaka mingi. Upande huu ulikuwa unakaa wewe. Ulimwaga nini?"

"Nitamwaga nini mimi? Mvua tu hiyo."

"Mvua ingechagua upande?"

"Basi sijui, Baba Joy. Mimi ni nesi, sikusomea magari."

Ndalahwa alicheka kidogo, akarudi chini.

Mwatima alijua. Mwaka 1997, mvua za Machi, mtoto wao wa kwanza, Salu, alikufa kwa degedege akiwa na miaka miwili na miezi minne, katika wodi ile ile aliyokuwa akifanyia kazi mama yake. Mama mkwe alifika kutoka Malampaka siku ya pili. Alisema vitu vya mtoto visilale ndani, visije vikamwita atakayefuata, na akaanza kuvikusanya mwenyewe, chumba kwa chumba, akiinua kila godoro. Mwatima alikuwa mgeni, mtu wa Pangani, hakuwa na dada wala shangazi wa kumsimamia pale. Wanaume walipokuwa makaburini, alipasua kimto cha mtoto, akaisukumiza pamba yake kidogo kidogo, kwa sindano ya kufumia, ndani ya tundu la kizingiti cha gari, mahali pekee ambapo bibi yule asingeinua kitu. Mwisho akasukuma foronya. Jioni Ndalahwa alibeba vilivyobaki, akavitia kwenye shimo la taka nyuma ya choo.

Kisha kwa miaka kumi na mitatu Mwatima alipanda gari lile, sokoni, kazini, msibani, mguu wake wa kushoto ukiwa kando ya tundu.

Hakuogopa kupigwa, Ndalahwa hakuwa mtu wa kupiga. Aliogopa jina la mtoto. Tangu siku ya mazishi mumewe hakulitamka. Joyness alipozaliwa, akaanza kumwita Mama Joy palepale wodini, kwa sauti, mbele ya watu, na mtaa mzima ukafuata. Lile jina la kwanza likaachwa kama njia ya zamani inavyoachwa, bila mtu kutangaza.

Lakini alijua pia moto na pamba ni nini. Mke wa mtu wa kinu hawezi kukosa kujua. Mchomeleaji, Shija, alikuwa aje na gesi Jumamosi. Mwatima aliamua atamwambia mumewe Ijumaa, baada ya chakula cha jioni. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alijipa siku mbili.

*

Ijumaa Ndalahwa hakwenda kliniki. Alibaki kumsubiri mtu wa bati, na Mwatima akasindikizwa na jirani yao Mektilda.

Pikipiki haijafika hata barabara kuu, Shija alitokea na mkokoteni wenye mitungi ya gesi.

"Mzee wangu, kesho mitungi inakwenda Maswa, kuna kazi ya tela. Tufanye leo, au ungoje wiki mbili."

"Leo," alisema Ndalahwa.

Alikuwa tayari. Tangi la mafuta alikwisha kulitoa na kulipeleka mbali. Betri aliitoa. Ndoo mbili za maji, ndoo moja ya mchanga. Shija alitaka kuziba kwa kipande cha pipa, kama wafanyavyo mafundi wengi. Ndalahwa akakataa, akamwonyesha bati jipya, zito, lililotoka kuletwa, limekatwa kwa kipimo. Shija alikata sehemu iliyooza, akachokonoa ndani kwa nondo.

"Kuna uchafu humu, mzee."

Ndalahwa aliingiza mkono. Mtu yule aliyeweza kutenga safi na fifi kwa kugusa tu, macho amefumba, alishika tonge jeusi lenye unyevu, lililochanganyika na kutu na mafuta ya miaka mingi. Alilisugua kati ya vidole.

"Matope," alisema, akajifuta kwenye suruali. "Toa unayoyafikia, chomelea."

Walimaliza saa tano. Mshono ulikuwa mzuri, na Ndalahwa, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alisema ni mzuri. Waliumwagia maji, wakangoja nusu saa wakitazama, chuma kikapoa mpaka kikashikika. Ndipo wakaingia ndani kula.

Mwatima alirudi saa saba kasoro. Pikipiki ilipopinda kuingia uani, aliinua pua. Kulikuwa na harufu nyembamba, ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Aliona mtungi wa gesi. Aliona bati jipya linang'aa chini ya mlango wa kushoto.

"Nishushe," alimwambia dereva.

"Subiri tufike kibarazani, mama."

"Nishushe!"

Alikimbia. Mektilda alisimulia baadaye kwamba hakuwahi kuona mgonjwa akikimbia namna ile. Mwatima alifungua mlango wa kushoto, akaingia nusu mwili, akakanyaga pale alipokuwa akikanyaga zamani, akapeleka mkono kwenye tundu. Moshi ulimtokea usoni, mzito, wa manjano. Alisimama hivyo, akivuta kitu kisichovutika, mpaka Ndalahwa alipotoka na kumkumbatia kwa nyuma na kumtoa kwa nguvu. Hapo ndipo upepo ulipoingia kwa mlango ulio wazi. Kiti cha nyuma, kilichojazwa makumbi ya nazi, kilishika moto mara moja.

Ndoo mbili za maji ziliisha. Mchanga uliisha. Majirani walileta madumu, wengine walileta simu za kupigia picha. Kufika saa nane Kobe lilikuwa gamba jeusi, na rangi mpya iliyopakwa upande wa kulia ilikuwa imetoka malengelenge.

*

Ndalahwa alisubiri lipoe. Kisha akapiga magoti, akachokonoa kizingiti kwa waya, akatoa majivu mepesi yenye nyuzi. Aliyanusa. Aliyaweka kwenye kiganja akayageuza kwenye mwanga.

"Pamba," alisema.

Shija alikuwa amesimama pale, kofia mkononi.

"Ulitia kitambaa ndani kukinga moto usipite," alisema Ndalahwa. Hakupaza sauti. "Ukakisahau."

"Haki ya Mungu, mzee, sikutia kitu."

"Pamba haioti kwenye chuma, Shija."

"Mzee, si ulishika mwenyewe? Ukasema matope."

Hilo lilikuwa kosa. Kuna watu zaidi ya ishirini uani, na mtu wa madaraja anaambiwa mbele yao kwamba hakuijua pamba.

"Miaka thelathini na nane," alisema Ndalahwa, "robota la pamba likishukiwa kuwa na moto tunalitenga nje siku kumi, kwa sababu moto wa pamba haufi, unalala. Ungeniambia kuna pamba, ningeitoa uzi kwa uzi kwa vidole hivi. Acha bunduki yako ya kuchomelea na mipira yake hapa. Utaichukua siku utakayolipa gari."

"Mzee, hiyo ndiyo inanilisha."

"Na mimi hilo ndilo lingempeleka mke wangu Mwanza."

Mwatima aliyasikia yote akiwa kwenye mkeka. Alikuwa anafungua bandeji mwenyewe. Chini yake ilikuwa imeungua, kahawia pembeni, nyeusi katikati. Aliifungua taratibu, mzunguko kwa mzunguko, na alipofika kwenye ngozi aliitazama kama alivyozoea kutazama ngozi za wengine. Wayo ulikuwa mweupe na mkavu, kisiginoni hadi katikati. Alibonyeza kwa kidole. Hakusikia kitu. Alikuwa amesimama juu ya sakafu ya moto, na mguu haukumwambia.

Alijua daraja la jeraha lile bila kumwuliza daktari. Akalifunga upya, na hakusema la mguu wala la pamba.

*

Jumapili asubuhi Goodness, mke wa Shija, alikuja na beseni la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alipiga magoti kizingitini, akasalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Mwangaluka, mayu."

Mwatima alijibu. Baada ya miaka yote ile Kisukuma chake bado kilikuwa na Pangani ndani yake, na Goodness alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka kilichomleta.

"Bhabha, sijaja kubishana. Shija hali chakula. Kazi ya tela wamempa mtu mwingine. Watu wanasema kijiweni kwamba anachoma magari, kuna mmoja anamwita Kiberiti. Ameniapia kwa kaburi la mama yake kwamba hakutia kitambaa. Lakini akikosea au asikosee, tutalipa. Nitakuwa naleta elfu kumi kumi kila wiki. Naomba tu hiyo bunduki, afanye kazi ya kulipa."

Ndalahwa aliangalia beseni.

"Elfu kumi kumi," alisema. "Binti, kwa hesabu hiyo tutakuwa tumekufa sote."

"Basi nifanyeje, bhabha?"

"Mwambie aje aseme ukweli. Nikisikia ukweli nitampa hata leo."

"Ukweli ninao mimi," alisema Mwatima.

Wote wawili waligeuka.

"Pamba niliiweka mimi. Si juzi. Mwaka ule." Alisikia sauti yake ikitoka kavu, kama ya mtu anayesoma faili la mgonjwa. "Mama alipokuwa anakusanya vitu. Niliisukuma kwenye lile tundu kwa sindano. Ya kimto cha Salu."

Jogoo aliwika nyuma ya nyumba. Goodness, aliyekuwa bado amepiga magoti, aliinamisha kichwa; hakujua habari hiyo, lakini alijua jina likitajwa namna ile ni la marehemu.

"Nilitaka kukwambia Ijumaa jioni," alisema Mwatima.

Ndalahwa aliinuka. Aliingia chumbani, akakaa humo muda wa kutosha mtu kuvaa viatu, akatoka amevaa viatu. Mkononi alikuwa na bunduki ya gesi na mipira, aliyoizungusha vizuri na kuifunga kwa kamba. Alimwekea Goodness mikononi, kwa mikono yote miwili, kama anavyopewa mtu mkubwa.

"Mwambie Shija nimemkosea," alisema. Kisha: "Hapana. Tangulia. Nitasema mwenyewe."

Alikwenda kwa miguu, jua likiwa limeanza kuchoma, mpaka kijiweni kwa mafundi, na akasema mbele ya wote waliomwita Shija Kiberiti kwamba kosa lilikuwa la nyumba yake. Mmoja aliuliza kosa gani. Akasema la nyumba yake.

Wiki ile hakusema na mkewe zaidi ya maneno ya lazima. Dawa. Maji ya kuoga yapo. Basi linaondoka saa kumi na mbili.

*

Jumapili tarehe kumi na nane walipanda basi. Ndalahwa alikaa dirishani, akamgeuza Mwatima aelekee upande wake, akauinua mguu akaulaza mapajani mwake juu ya khanga iliyokunjwa mara nne. Mgongo wa Mwatima ulijaa njiani, na wanaopita walilazimika kuinua mizigo.

"Mzee," alisema konda, "ama bibi ashushe mguu ama alipe siti ya tatu. Hiyo nafasi naweza kumkalisha mtu kwenye ndoo."

Ndalahwa alilipa siti ya tatu. Baada ya kilomita chache mama mmoja wa kiti cha mbele alijifunika pua kwa mtandio, akanong'onezana na mwenzake. Ndalahwa alifungua dirisha. Harufu ilikuwa kweli.

Siku tisa baadaye mguu ule ulikatwa juu ya goti. Daktari bingwa aliwaeleza kwa upole kwamba mishipa ingefunguka, kisigino kilichoungua ndicho kilichoharibu. Lakini Jumapili hiyo ulikuwa bado mguu wa Mwatima, mzito, umefungwa kwa bandeji safi aliyoifunga mwenyewe, na ulilala mapajani mwa mumewe kama mzigo aliokabidhiwa.

Walikwisha kuipita Lamadi. Ziwa lilionekana na kupotea upande wa kulia. Karibu na Kalemela, Ndalahwa alisema, akitazama nje:

"Mama Salu."

Mwatima alidhani anaota. Aliangalia nyuma, kama kwamba kulikuwa na mwanamke mwingine wa jina hilo ndani ya basi.

"Nilivihesabu," alisema Ndalahwa. "Siku ile. Nguo tano, blanketi, kikombe, jozi ya viatu. Kimto hakikuwamo."

"Baba Joy..."

"Foronya ilikuwa ya bluu. Nilikuwa nimekichagua hicho. Nilikwisha kufungua boneti, nikasema nitakifunga kwenye gunia nikiweke chini ya tairi la akiba, mama hatatazama garini. Nikarudi ndani kukichukua, hakipo." Alingoja konda amalize kugombana na mtu mlangoni. "Nikajua mama amekitupa kabla yangu. Nilikitafuta shimoni kwa mikono. Siku tatu, wewe ukiwa umelala."

Mwatima alitaka kusema ungeniuliza. Aliona kwamba mumewe naye alikuwa na neno mdomoni, na kwamba lilikuwa ungeniambia. Hakuna aliyelisema la kwake.

Mbele kulikuwa na tuta. Ndalahwa aliliona mapema, akaingiza mikono yote miwili chini ya mguu, akauinua kidogo hewani, akaushikilia hivyo mpaka magurudumu ya nyuma yalipopita. Kisha akaushusha taratibu.

"Imeuma?" aliuliza.

Ganzi ilikuwa imepanda tangu Alhamisi. Sasa ilifika kwenye goti. Mwatima hakusikia tuta wala mikono.

"Kidogo," alisema.